Kasha la diski lenye kontrola mbili: maswali ninayoulizwa Lamu kila mara

Wanaoniuliza ni mafundi wa ofisi, wa zahanati na wa hoteli, hapa mjini, Shela na ng'ambo Mokowe. Wengi wamekabidhiwa kasha la diski lenye kila kitu viwili, wakaambiwa halilali. Huo ni ukweli ikiwa tu njia zote za kulifikia ziko hai, na ikiwa yuko mtu anayejua kwamba ziko hai.

Nimetenga diski moja kwenye kasha, lakini seva inaonyesha nne. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Seva haihesabu diski, inahesabu njia. Ikiwa seva ina kadi mbili, na kila kadi inazifikia kontrola zote mbili za kasha, yaani zile bongo mbili zinazopokea maombi ya seva na kuziendesha diski, basi kile kipande kimoja cha hifadhi, ambacho mafundi tunakiita LUN, kinaifikia seva kwa njia 4. Linux haijui bado kwamba ni kitu kimoja, kwa hiyo inazipa majina manne: sdb, sdc, sdd na sde.

Anayetoka Lamu kwenda Faza anaweza kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakijaa, au akazunguka nje ya Manda kwa bahari kuu. Akifika, Faza ni ile ile. Programu ya njia nyingi ndiyo inayoijulisha seva jambo hilo. Inaiuliza kila diski nambari yake ya utambulisho, nambari ndefu iliyotolewa na kasha lenyewe, ambayo haibadiliki hata ukihamisha kebo. Ikiikuta nambari moja kwenye njia nne, inaunda juu yake diski moja, na hiyo ndiyo unayopaswa kuitumia. Kwenye Linux kazi hii inafanywa na multipathd, kwenye Windows na MPIO, na VMware, programu ya kuendesha mashine pepe kadhaa ndani ya seva moja, inayo ndani yake tayari.

Kosa ni kuichukua sdb peke yake na kuweka mafaili juu yake. Utafanya kazi vizuri kwa miezi, kisha siku njia ile ikifa seva itazama huku njia tatu zikiwa nzima. Na kosa kubwa kuliko hilo ni kuzifungua sdb na sdc kana kwamba ni diski mbili tofauti. Hapo utaandika juu ya data yako mwenyewe.

RAID ninayo. Mambo ya njia ya nini tena?

RAID, yaani kuzipanga diski kadhaa pamoja ili moja ikifa data ibaki, inalinda data dhidi ya kufa kwa diski. Wazo hilo liliandikwa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, na bado linatufaa. Lakini RAID yote iko ndani ya kasha. Panya akitafuna kebo moja iliyopo, diski zako zote ni nzima na hakuna hata moja unayoifikia.

"Kila kitu kiwe viwili": viwili vipi hasa?

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana karibu kila msiba niliouona ulianzia kwenye kitu kimoja kilichojificha kati ya viwili.

Shika kalamu, uifuate data kutoka kwenye seva mpaka kwenye kasha. Seva iwe na kadi mbili. Poti mbili za kadi moja hazitoshi, kwa sababu kadi ikiungua zinakwenda zote. Kutoka hapo kebo mbili ziende kwenye swichi mbili, na swichi hizo zisitegemeane. Kama ni Fibre Channel, ule mtandao maalumu wa hifadhi, zisiunganishwe kabisa. Ziwe mitandao miwili mbali, ili fundi akikosea mpangilio wa upande mmoja, upande wa pili usisikie. Kutoka kila swichi, kebo moja iende kontrola A na nyingine kontrola B. Ukihesabu utapata njia 4, na ukiondoa kitu chochote kimoja, kiwe kadi, kebo, swichi au kontrola, utabakiwa na angalau mbili.

Sasa rudia safari hiyo hiyo kwa umeme. Kasha lina pawasaplai mbili, swichi pia, kama ulinunua za aina hiyo. Zinachomekwa wapi? Nimeingia vyumba vya seva nikakuta pawasaplai zote mbili kwenye soketi moja ya kuongezea, na soketi hiyo kwenye UPS moja ambayo betri zake zimekwisha. Stima ikikatika, jenereta inachukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo ndizo zinazoua. Upande A uwe na UPS yake, upande B na yake. Kama una UPS moja tu, chomeka upande mmoja kwenye UPS na mwingine kwenye stima ya ukutani, ili hata UPS yenyewe ikiharibika kasha lisizime.

Kisha kuna ukuta. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na kutoboa ni kazi, kwa hiyo fundi hutoboa tundu moja na kupitisha kebo zote humo. Najua kwa nini. Lakini anayekuja kesho kuweka bomba la maji atakata zote pamoja. Kama haiwezekani kutoboa mawili, basi weka kasha na seva chumba kimoja na uyaache matundu kwa ajili ya kebo za watumiaji.

Kontrola mbili zinafanya kazi pamoja au moja inasubiri?

Inategemea kasha. Kuna makasha ambayo kontrola moja inafanya kazi yote na ya pili imekaa tu ikingoja. Kuna makubwa ya bei ambayo zote mbili zinapokea maombi ya LUN yoyote kwa usawa. Mengi ya yale yanayofika kwetu yako katikati, na yanafuata utaratibu uitwao ALUA. Kila LUN ina kontrola inayoimiliki. Njia za kwenda kwa mmiliki ni njia za mkato. Njia za kwenda kwa kontrola nyingine pia zinapita, ila ombi linalofika huko linavushwa ndani kwa ndani hadi kwa mmiliki, kwa hiyo linachelewa kidogo. Ni kama kuzunguka nje ya Manda: utafika, lakini kama Mkanda una maji, kwa nini uzunguke?

Ukiandika `multipath -ll` utaona makundi mawili. Moja lina prio=50, hilo ni la mmiliki. Lingine lina prio=10. Data yote inapaswa kupita kwenye kundi la 50, na la 10 likae tayari. Ukikuta data inapita kwenye la 10 na la 50 lipo zima, kuna mtu alihamisha umiliki akasahau kuurudisha, au mpangilio wa seva haujui kwamba kasha hili ni la ALUA.

Jambo moja wanalolisahau wengi: kontrola zote mbili zikiwa na kazi, usizijaze. Kama kila moja inabeba asilimia 70 ya uwezo wake, siku moja ikifa ya pili itatakiwa kubeba 140. Haitaweza. Seva hazitazimika, lakini watumiaji watasema zimezimika, na watakuwa na haki.

Kontrola ikifa ghafla, sekunde zile kunatokea nini?

Mambo mawili kwa wakati mmoja, moja kwenye kasha na moja kwenye seva.

Kwenye kasha, kontrola iliyobaki inagundua kwamba mwenzake hajibu, inachukua LUN zake zote, na inaanza kuzijibia. Data iliyokuwa imeandikwa kwenye kache, kumbukumbu ya muda, ya kontrola iliyokufa haipotei, kwa sababu kila andiko linanakiliwa kwenye kache za kontrola zote mbili kabla seva haijaambiwa "tayari". Baada ya hapo, makasha mengi huacha kutumia kache kwa kuandika, kwa kuwa hakuna tena mwenzi wa kuhifadhi nakala. Kila andiko linasubiri lifike kwenye diski. Ndiyo maana mfumo unakuwa mzito hata baada ya kuhama salama. Si ugonjwa mpya, ni tahadhari.

Kwenye seva, maombi yaliyokuwa safarini yanakosa jibu. Linux huipa diski sekunde 30 kujibu kabla ya kulikatia tamaa ombi, na multipathd hupima afya ya njia, kwa kawaida kila sekunde 5 na kwa njia iliyotulia hadi kila sekunde 20. Njia ikishatangazwa kuwa imekufa, maombi yanarudishwa kwenye kundi la pili. Programu zako zinaona kusita kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi, kisha maisha yanaendelea.

Sasa angalia iSCSI, yaani kulifikia kasha kupitia mtandao wa kawaida wa kompyuta. Programu ya iSCSI ya Linux huja ikiwa imepangwa kungoja sekunde 120 kabla ya kukubali kwamba muunganisho umekufa. Mpangilio huo unafaa kwa mtu mwenye njia moja, ambaye hana pa kwenda isipokuwa kungoja. Kwa mwenye njia nne ni dakika mbili za seva kuganda bure. Ipunguze `node.session.timeo.replacement_timeout` iwe kati ya sekunde 5 na 15, ili multipathd iambiwe mapema na ichukue hatua. Kumbuka kwamba miunganisho iliyokwisha kuwekwa inabaki na thamani ya zamani mpaka uibadilishe nayo.

Na njia zote zikifa pamoja?

Una chaguo mbili na zote zina maumivu. Unaweza kuiambia seva irudishe kosa mara moja. Hapo mfumo wa faili unajifunga usiandikwe tena, na hifadhidata inaanguka. Au unaweza kuiambia iyashikilie maombi mpaka njia irudi. Hapo kila kitu kinaganda, na kama njia hairudi, hutaweza hata kuizima seva kwa utaratibu.

Mimi napanga kikomo. Ukiweka `no_path_retry 12` na upimaji ni wa kila sekunde 5, seva itavumilia dakika moja kisha itasema ukweli. Dakika moja inatosha swichi kuwaka upya au kontrola mbili kukabidhiana. Lakini kama seva zako ziko kwenye kundi linalolindana, uliza kwanza maelekezo ya kundi hilo, kwa sababu seva iliyoganda huku ikidhani bado inamiliki diski ni hatari kwa mwenzake.

Kwa VMware hali hii ina saa yake yenyewe: husubiri sekunde 140 kisha huacha kurudia maombi yake yenyewe, ila maombi ya mashine pepe huendelea kurudiwa.

Njia iliyokufa ikirudi, seva irejee papo hapo?

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kebo yenye kutu hukata na kurudi, hukata na kurudi, na kila ikirudi seva ikikimbilia kwake utakuwa unahama mara kumi kwa saa. Makasha ya aina fulani hata huanza kuvutana LUN kati ya kontrola, na kazi husimama kabisa. Weka kurejea kwa mkono, au kwa kuchelewa kwa dakika kadhaa. Angalia usidanganywe na faili lako la mpangilio, maana multipathd ina jedwali lake la ndani kwa baadhi ya makasha na linaweza kuwa limeweka kurejea kwa papo hapo.

Kwa iSCSI, si niunganishe tu poti mbili za mtandao ziwe moja?

Swali zuri, na jibu ni hapana. Poti mbili zikifungwa pamoja, muunganisho mmoja bado unapita kwenye poti moja. Hupati kasi mara mbili kwa LUN yako. Tena swichi mbili za kawaida, zisizojuana, haziwezi kufungwa pamoja kwa namna hiyo. Acha kila poti isimame peke yake, na anwani katika mtandao wake: upande A mtandao mmoja, upande B mwingine. Kisha multipathd ifanye kazi yake. Kama utatumia fremu kubwa, yaani vifurushi vya data vya MTU 9000, kila kifaa njiani kikubali, la sivyo utapata muunganisho unaoitika vizuri na kuganda pale tu unapohamisha faili kubwa. Nimepoteza usiku mzima kwa hilo.

Hewa yetu ya bahari inaathiri kitu gani katika haya?

Njia. Diski zimefungwa vizuri, lakini maungio yako wazi. Chumvi na unyevu hushika kwenye meno ya kebo za shaba na kwenye poti zilizo tupu. Poti usizotumia zizibe kwa vifuniko vyake. Ncha za faiba zisiguswe kwa kidole na zisafishwe kwa kalamu yake kila zinapochomolewa. Madirisha ya chumba cha seva yabaki yamefungwa, hata kama upepo wa kusi unapendeza kuliko mashine ya baridi. Na tafadhali usiweke swichi ndani ya kidaka. Kinapendeza, kinatosha vipimo, lakini chokaa humwaga vumbi na ukuta hupitisha unyevu.

Kutu haikati njia kwa kishindo. Njia huanza kutoa makosa machache, multipathd huitoa kazini, na hakuna mtumiaji anayegundua. Hiyo ndiyo hatari ya mfumo wenye njia nyingi: unaficha ugonjwa wake mwenyewe.

Basi nitajuaje kwamba njia ya akiba inafanya kazi?

Kwa kuichomoa ile nyingine. Sijui njia tofauti.

Katika ofisi moja nilikuwa nikiweka toleo jipya la programu ya ndani ya kontrola. Taratibu ni nyepesi: kontrola A inawashwa upya, B inabeba, kisha zinabadilishana. Kasha lilionyesha taa za kijani. Nilipoiwasha upya A, seva zote zilianguka kwa pamoja, na foleni ya watu ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Njia zote za kwenda B zilikuwa zimekufa tangu zamani. Mtu alibadilisha swichi na hakurudisha mpangilio wa zoni, ule unaoamua seva ipi inaifikia kontrola ipi. Kasha lilikuwa zima, B ilikuwa nzima, ila hakuna seva iliyoweza kuifikia. Kosa langu lilikuwa kuitazama taa ya kasha badala ya kuiuliza seva. Tangu siku ile siigusi kontrola kabla sijaona kwa kila seva idadi kamili ya njia.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuanza kutumia mfumo, na kisha mara mbili kwa mwaka, pata saa za utulivu na nakala ya akiba ya siku hiyo. Anzisha kazi ya kuandika na kusoma isiyosimama. Chomoa kebo moja, ngoja, tazama `multipath -ll`: njia moja iandikwe failed faulty, nyingine zibaki active ready. Rudisha, ngoja zote ziwe hai, ndipo uende kwa inayofuata. Kisha zima swichi nzima, kisha uitoe kontrola moja kazini kwa amri ya kasha. Andika kila mara ni sekunde ngapi kazi ilisita. Karatasi hiyo ibandike mlangoni mwa kabati, yule atakayekuja baada yako aikute.

Na kati ya majaribio, kila asubuhi seva ihesabu njia zake yenyewe na ikutumie ujumbe idadi ikipungua. Ni mistari michache ya skripti. Bila huo ujumbe, njia mbili ni njia moja iliyocheleweshwa kufa.

Nikiwa na yote haya, bado nahitaji nakala za akiba?

Ndiyo. Faili likifutwa kwa makosa, linafutwa kwenye njia zote nne.

Nina hoteli ya vyumba vinane na seva moja. Ninunue kasha la namna hii?

Usinunue. Kwa fedha hizo pata seva yenye diski mbili za RAID, UPS nzuri, diski ya nje ya nakala inayolala nyumba nyingine, na seva ya pili ya bei nafuu iliyo tayari kuwashwa. Kasha lenye kontrola mbili lina maana pale seva kadhaa zinapotegemea hifadhi moja na kusimama kwa saa chache kunawaumiza watu, kama pale wagonjwa wanaposubiri rekodi zao.

Kontrola moja imekufa na spea iko Nairobi. Nifanye nini mpaka ifike?

Huko bara fundi analeta kontrola siku ile ile. Kwetu inakuja kwa ndege hadi Manda, au kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha mgongo wa punda au rukwama hadi mlangoni. Kama ina betri ya lithiamu ndani, ndege ina masharti yake na inaweza kukataa. Hesabu siku, na upange kama mtu wa siku nyingi.

Kwanza chukua nakala kamili ya akiba sasa, na hakikisha inafunguka. Pili, punguza mzigo: ripoti kubwa na kazi za usiku zisizo za lazima zisimame, kwa kuwa kache ya kuandika imezimwa na kontrola iliyobaki iko peke yake. Tatu, asiguse mtu kebo, swichi wala toleo la programu. Weka tangazo mlangoni. Nne, hakikisha mafuta ya jenereta yapo na UPS ya upande uliobaki imepimwa.

Spea ikifika, usiichomeke mara moja. Imetoka kwenye baridi la ndege ikaingia kwenye joto la gatini, na umande hutunga ndani. Iache kwenye pakiti yake ndani ya chumba cha seva kwa saa kadhaa. Makasha mengi yanaruhusu kuichomeka huku kasha likifanya kazi. Soma kitabu cha kasha lako, kisha iingize na uiache ilinganishe toleo lake na mwenzake na kache zirudi kunakiliana. Hesabu njia kwenye kila seva. Rudisha kila LUN kwa mmiliki wake, na siku utakayopata utulivu, chomoa kebo za kontrola ile iliyokubeba siku zote hizo, uone kama mpya nayo inaweza.